Alama, sapu na tuhuma za kunakili: ya kujua mtoto akiwa chuoni Kericho au Bomet

Chai ya Kericho na Bomet hupigwa mnada hapa Mombasa, na kwa wazazi wengi wa Pwani hapo ndipo mwisho wa kuijua nchi ile ya baridi na mvua. Kisha siku moja shirika la KUCCPS linampangia mtoto nafasi katika Chuo Kikuu cha Kabianga au katika chuo cha Bomet. Mtoto anasafiri zaidi ya kilomita 700, mzazi anabaki na simu. Simu hiyo ikileta habari kwamba mtoto "amepatikana na mwakenya", au kwamba alama za somo zima hazionekani, mzazi hana wa kumuuliza. Akienda kwa jirani ataambiwa atafute mtu wa kumjua ndani ya chuo. Huo ni ushauri mbaya, na makala haya yanaeleza njia iliyo bora: alama hupatikanaje, nani mwenye kuzitoa, na tuhuma za udanganyifu zinapaswa kushughulikiwa vipi.

Mtihani ni wa nani?

Ukipata habari mbaya, uliza kwanza mtihani uliofanywa ni wa nani, kwa sababu njia ya malalamishi inategemea jibu hilo.

Chuo Kikuu cha Kabianga, kilicho katika Kaunti ya Kericho, kilipata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013, mwaka uleule wa Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi. Kabla ya hapo kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Moi. Kwa kuwa kina Seneti yake, neno la mwisho kuhusu alama linatoka hukohuko. Chuo cha Bomet nacho kilianzishwa mwaka 2017 kama chuo kishiriki cha Moi. Chuo kishiriki hufundisha na kutahini, lakini shahada hutolewa kwa jina la chuo mama, na matokeo hupita kwa Seneti ya chuo mama. Ndiyo maana mwanafunzi wa Bomet anaweza kuambiwa kwamba idara imemaliza kazi yake ilhali matokeo bado hayajathibitishwa.

Vyuo vya ualimu, kikiwemo kile cha Kericho, viko mbali na haya yote. Mtihani wao wa mwisho ni wa Baraza la Mitihani la Kitaifa, KNEC, na mwalimu wa chuo hana uwezo wa kubadilisha gredi yake. Katika taasisi za kiufundi zinazofuata mtaala wa umahiri, baraza la TVET CDACC huamua kama mwanafunzi amefikia umahiri au bado. Alama ya asilimia iliyozoeleka si msingi wa mpango huo.

Alama 70 ni nyingi

Wazazi wengi hushtuka wakiona mtoto aliyekuwa akileta 85 shule ya upili analeta 62. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, 70 kwenda juu ni A, 60 hadi 69 ni B, 50 hadi 59 ni C, 40 hadi 49 ni D, na chini ya 40 ni kuanguka. Daraja za shahada hufuata ngazi hizohizo: wastani wa 70 ni daraja la kwanza, 60 ni la pili la juu, 50 ni la pili la chini, na 40 ni kupita tu. Baadhi ya kozi, hasa za tiba, huweka alama ya kupita kwenye 50. Kwa hiyo 62 ni B, na mwenye B hana haja ya kufokewa kwenye simu.

Jambo hili huleta taabu mtoto anapotaka kusoma Marekani. Huko 70 kwa kawaida ni C, na mtu asiyejua ngazi zetu akiona 68 atadhani ni mwanafunzi dhaifu. Hati ya matokeo kutoka chuo cha Kenya huwa na maelezo ya ngazi za gredi. Hakikisha ukurasa wa maelezo hayo unatumwa pamoja na alama.

Sasa hesabu yenyewe. Kwa masomo mengi ya nadharia, majaribio ya katikati ya muhula, yale wanafunzi wanayoyaita CAT, pamoja na kazi za kuandika, hubeba alama 30. Mtihani wa mwisho hubeba 70. Tuseme mwanafunzi alipata 22 kwa 30 katika CAT na 41 kwa 70 katika mtihani. Jumla ni 63, yaani B. Karatasi ya CAT ikipotea na mhadhiri akajaza sifuri mahali pake, jumla inakuwa 41. Hiyo ni D. Mwanafunzi amepita, hakuna sapu, potali ya chuo haionyeshi pengo lolote, na kwa hiyo hakuna anayelalamika. Alama zilizopotea kabisa hupigiwa kelele kila mwaka. Hizi zilizopotea nusu hazina msemaji, nazo ndizo humtoa mtu daraja la pili la juu na kumtupa la chini bila yeye kujua sababu. Mwanafunzi aandike kila alama ya CAT siku anayorudishiwa karatasi, na karatasi yenyewe asiitupe hadi siku ya mahafali.

Sapu, yaani mtihani wa marudio, ina sharti ambalo wengi hawalijui hadi wamechelewa. Katika vyuo vingi hata ukipata 75 kwenye sapu utaandikiwa alama ya kupita tu, 40. Sababu yake ni ya haki: wenzako walifanya mara moja. Lakini ndiyo maana mtu asikubali kuingizwa kwenye sapu kwa kosa la karatasi kupotea. Aliyekuwa mgonjwa na akapeleka hati za hospitali kwa wakati hupewa mtihani maalumu, ambao alama zake huhesabiwa kamili. Tofauti ya sapu na mtihani maalumu ni barua moja iliyofika idarani kabla ya mtihani au mara baada yake.

Na kuna suala la karo. Mwanafunzi ambaye hajamaliza karo anaweza kunyimwa kadi ya mtihani. Wengine huingia chumbani kwa kujipenyeza, wanafanya mtihani, hawatii sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, halafu wanashangaa alama hazitoki. Wenyeji wa Kericho na Bomet wenye mashamba madogo ya chai husubiri bonasi ya viwanda vya KTDA, ambayo hulipwa baada ya hesabu za mwaka kufungwa mwishoni mwa Juni, na muhula haungoji bonasi. Wa Pwani naye anangoja ya kwake. Ni afadhali kuandika barua kwa msajili na kuomba ratiba ya malipo kuliko kujipenyeza. Mtihani usio na sahihi yako kwenye orodha ni vigumu mno kuuthibitisha baadaye.

Safari ya alama hadi Seneti

Mhadhiri akimaliza kusahihisha, alama huenda kwenye bodi ya idara. Baadaye mtahini wa nje, yaani mwalimu wa chuo kingine, hupitia maswali na sampuli ya vijitabu vya majibu aone kama 70 ya hapa ni 70 ya kwingine. Kazi yake haiko mbali sana na ya waonjaji chai wa Mombasa, wanaopanga vikombe mstari mmoja na kuonja chai ya viwanda mbalimbali kwa kipimo kimoja. Kisha bodi ya kitivo, kisha Seneti. Kabla Seneti haijaidhinisha, alama iliyo kwenye potali ni ya muda. Inaweza kupanda au kushuka, na mwanafunzi anaweza kuihoji bila kuonekana msumbufu.

Kwa nini mzunguko wote huu? Wakenya wana jibu lao kutoka mitihani ya KCSE. Mwaka 2015, uvujaji wa mitihani ulipokuwa umekithiri, watahiniwa 2,636 walipata A. Machi 2016 waziri Fred Matiang'i alivunja bodi ya KNEC, Profesa George Magoha akawekwa mwenyekiti, usimamizi ukakazwa. Mwaka huo waliopata A walikuwa 141. Watoto hawakupumbaa ndani ya miezi kumi na miwili. Na walioumia zaidi katika miaka ya uvujaji ni wale waliopata A yao kwa jasho, maana baada ya hapo hakuna aliyeweza kuwatenga na wengine.

Waajiri nao wameamka. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wa vyeti katika taasisi za serikali ulifichua watumishi 2,067 wenye vyeti ghushi. Leo ofisi nyingi huandikia chuo moja kwa moja kuuliza kama cheti ni halali, na chuo hujibu kwa kufungua faili. Kilichomo kwenye faili hilo, pamoja na kesi ya nidhamu isiyofungwa vizuri, ndicho kitakachosomwa.

Udanganyifu ni upi?

Mwakenya ni karatasi ndogo ya majibu inayofichwa mfukoni, kwenye soksi au chini ya kikokotoo. Jina lilitokana na kundi la siri la kisiasa la miaka ya 1980 ambalo maandishi yake yalipitishwa kwa kificho. Wanafunzi walilichukua, na leo wengi wanaolitamka hawajui kwamba kuna watu waliofungwa kwa ajili yake. Siku hizi simu imechukua nafasi ya karatasi. Kuingia na simu katika chumba cha mtihani ni kosa kwa kanuni za vyuo vingi hata kama imezimwa. Hapa ndipo wanafunzi wasio na nia mbaya hunaswa zaidi.

Kumfanyia mtu mtihani ni kosa zito kuliko mwakenya, na kwa kawaida linawafukuzisha wote wawili. Kuna pia wizi wa maandishi, yaani kutumia maneno au utafiti wa mwingine bila kumtaja. Programu za kulinganisha maandishi, kama Turnitin, hutoa asilimia ya mfanano, na mfanano si wizi. Nukuu zilizotajwa vizuri, orodha ya marejeo na majina ya sheria huhesabiwa vilevile. Asilimia 30 inaweza kuwa safi na asilimia 8 ikawa wizi mtupu, ikiwa hiyo nane ni ukurasa mmoja ulionakiliwa mzima. Anayehukumu kwa kusoma tarakimu peke yake hajafanya kazi yake.

Kuandikiwa kazi kwa malipo nako kuna sura ya Kenya. Septemba 2019 gazeti la New York Times lilieleza namna vijana wa Kenya wanavyowaandikia insha wanafunzi wa nchi tajiri. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 inayofanya biashara hiyo kuwa kosa katika vyuo vya England. Kijana anayeishi chumba cha kupanga karibu na chuo, akiandika insha za watu wa ng'ambo usiku kucha, huona ni kazi kama kazi nyingine. Siwezi kumlaumu kwa njaa. Lakini akimwandikia mwenzake wa darasani, kanuni za chuo zinamgusa yeye pia, siyo aliyenunua pekee.

Halafu kuna akili mnemba, ambayo imewachanganya wahadhiri na wanafunzi kwa pamoja. Zipo zana zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Kampuni ya OpenAI, iliyotengeneza ChatGPT, iliiondoa zana yake ya namna hiyo Julai 2023 kwa sababu haikuwa sahihi vya kutosha. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu zana saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilidaiwa kuwa za mashine, ilhali ziliandikwa na binadamu. Sasa mfikirie mwanafunzi wa Kwale au wa Sotik, mmoja akiwaza kwa Kidigo na mwingine kwa Kipsigis, wakiandika Kiingereza cha tahadhari chenye sentensi fupi. Hao ndio zana hizi huwakosea. Ripoti ya zana iwe sababu ya kumwita mwanafunzi na kumuuliza maswali kuhusu kazi yake, isiwe hukumu. Mwanafunzi aliyeandika mwenyewe anaweza kueleza alikotoa hoja, na akionyesha rasimu za awali zenye tarehe, shauri kwa kawaida huisha hapo. Kwa hiyo rasimu zihifadhiwe.

Mhadhiri akishuku

Kosa baya kuliko yote katika jambo hili hufanywa na waalimu wenye huruma. Mhadhiri anashuku kwamba kazi imenakiliwa, hataki usumbufu wa kamati, basi anampa mwanafunzi 12 badala ya 24 na kunyamaza. Anadhani amemsaidia. Kama mwanafunzi alinakili, ametozwa faini ndogo na atarudia. Kama hakunakili, ameadhibiwa bila kuambiwa kosa, na hana pa kukata rufaa kwa kuwa hakuna uamuzi ulioandikwa. Alama ipime kilichoandikwa. Adhabu itolewe na kamati yenye mamlaka ya kuitoa. Vivyo hivyo kwa alama za kuongeza kwa sababu mama ya mwanafunzi ni mchuma chai na karo imemshinda: shida hiyo ina ofisi yake ya misaada, na haitibiwi kwenye karatasi ya alama.

Mhadhiri anayedai ngono ili atoe alama yuko katika kundi jingine kabisa. Huyo hashtakiwi kwa kanuni za mitihani pekee, maana Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 inawagusa wenye mamlaka wanaosumbua walio chini yao. Ripoti hiyo ipelekwe polisi pamoja na chuoni.

Msimamizi wa mtihani akimkuta mwanafunzi na karatasi, utaratibu mwema ni kuichukua, kuandika taarifa papo hapo, kumpa mwanafunzi nafasi ya kueleza kwa maandishi, na kumwacha amalize mtihani. Mwanafunzi asitie sahihi maneno asiyokubaliana nayo. Anaweza kuandika kwamba ameiona taarifa lakini haikubali, kisha atie sahihi chini ya maneno yake mwenyewe. Jioni hiyohiyo aandike yote aliyoyakumbuka: alikaa wapi, nani alikuwa pembeni, saa ngapi, kilichosemwa.

Mbele ya kamati

Katiba ya 2010, kifungu cha 47, inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki katika maamuzi ya kiutawala, na kuandikiwa sababu anapoathirika. Sheria ya mwaka 2015 ya maamuzi ya haki ya kiutawala ilifafanua: kabla ya uamuzi, mtu apewe taarifa mapema kuhusu kosa analotuhumiwa, aonyeshwe ushahidi utakaotumiwa, asikilizwe, na aelezwe haki yake ya kuomba uamuzi upitiwe upya au kukata rufaa ya ndani. Vyuo vikuu vya umma vinafungwa na sheria hiyo. Barua inayosema "umefukuzwa" bila kikao kutangulia ina kasoro hata kama mwanafunzi alikosa kweli.

Hili si jipya. Majirani wa Kericho, kule Njoro, walilipitia zamani. Katika kesi ya wanafunzi dhidi ya chuo cha Egerton iliyo katika ripoti za sheria za mwaka 1990, Mahakama ya Rufaa ilisema mahakama hazina hamu ya kuendesha vyuo vikuu, lakini zitaingilia pale uamuzi umetolewa bila mhusika kusikilizwa kwa haki. Mawakili bado huitaja kesi hiyo hadi leo. Isomwe pande zote mbili: jaji hatasahihisha mtihani wako upya wala kukuongezea alama. Ataangalia kama ulisikilizwa. Tena sheria ya 2015 inataka njia za ndani zimalizwe kwanza, kwa hiyo anayeruka rufaa ya chuo na kukimbilia mahakamani anaweza kurudishwa mlangoni, gharama zikiwa juu yake.

Kwenye kikao, aliyekosa aseme. Kamati nyingi hutofautisha anayekiri kosa la kwanza na anayebuni hadithi, na kusimamishwa muhula mmoja si sawa na kufukuzwa. Asiyekosa aombe kuona kitu chenyewe kilichopatikana, siyo maelezo yake tu. Mwakenya ya somo la historia iliyookotwa kwenye mtihani wa takwimu haithibitishi mengi. Siku za rufaa zimeandikwa kwenye kitabu cha kanuni za mitihani cha chuo husika na huwa chache, hivyo tarehe ya kupokea barua ya uamuzi iandikwe juu ya barua yenyewe.

Kwa mitihani ya KNEC mambo ni mazito zaidi. Sheria ya KNEC ya 2012 inafanya kupata karatasi za mtihani kinyume cha sheria kuwa jinai, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka kumi au faini ya shilingi milioni mbili. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu anayetumiwa "mtihani" kwenye simu yake usiku wa kuamkia mtihani anahitaji wakili kabla ya kuhitaji mkuu wa chuo.

Mzazi wa Pwani aanzie wapi?

Si lazima kupanda basi. Malalamishi ya alama yaanze kwa mwenyekiti wa idara kwa barua pepe, nakala kwa msajili wa masuala ya taaluma, na yaandikwe na mwanafunzi mwenyewe, kwa sababu chuo hakilazimiki kumjadili mwanafunzi mtu mzima na mzazi wake. Ambatanisha kadi ya mtihani, stakabadhi ya karo, usajili wa somo na karatasi za CAT. Kama hakuna jibu, Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inamruhusu raia kuomba taarifa kutoka taasisi ya umma, nayo inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Juu ya hapo ipo Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ombudsman, ambayo haitozi ada na ina ofisi Mombasa. Malalamishi ya alama zilizopotea vyuoni si mageni kwake.

Na mwanafunzi akiondolewa tuhuma, kazi haijaisha. Aombe barua inayosema hivyo, aangalie kama alama zilizokuwa zimezuiliwa zimerudishwa kwenye potali na kama zuio limefutwa kwenye faili la msajili, kisha achukue hati mpya ya matokeo na kuilinganisha, somo kwa somo, na alama alizoziandika mwenyewe.